Mstari Mrefu wa Ilembezi

Tunduma, Jumapili mchana

Mwanangu Atupele,

Wewe na mama yako mmevuka mpaka kwenda Nakonde kutafuta sabuni na mafuta ya kujipaka, na nyumba imebaki kimya. Nimekaa kwenye meza yako kwa sababu yangu imejaa vipuri vya pampu. Treni yako ni kesho, na ninajijua, kesho sitasema neno la maana. Mimi nikifika stesheni hubeba mizigo, hugombana na wapagazi, kisha treni huondoka nikiwa bado natafuta leso mfukoni. Kwa hiyo naandika sasa. Barua nitaiweka sandukuni mwako juu ya nguo, uisome ukishapita Makambako, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunijibu.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji ya kunywa, za kanisa na za vijana wa Dar es Salaam, mama yako amekwishazimaliza. Nimemsikia akizimaliza mara kadhaa. Sina la kuongeza huko.

Nataka kurudia lile tulilogombania juzi. Ulinionyesha programu ya kompyuta uliyoiandika mwenyewe kwenye karatasi zangu za zamani za visanduku, nikakuambia mistari yako mirefu umeikata vibaya. Ulikuwa unaandika mpaka kisanduku cha mwisho kinachoruhusiwa, kisha unaendelea kwenye mstari wa chini kuanzia pale pale ukingoni, hata kama neno moja limebaki nusu juu na nusu chini. Ukaniuliza kosa liko wapi, maadamu kompyuta inasoma sawasawa. Nikasema haisomeki. Ukacheka, ukasema, "Baba, kompyuta haina macho." Nikatoka nje nikaenda kufungua pampu ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Hukunikosea. Ulisema kweli. Ila ili nikujibu ilibidi nikusimulie habari ya Ilembezi, na habari ile siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama mlangoni.

Ulikuwa mdogo tulipokuwa tukikaa Vwawa, wilayani Mbozi, kwenye nyumba ya ofisi. Unachokumbuka pengine ni kwamba baba alikuwa fundi sanifu wa maji, akawa harudi nyumbani. Miaka ile watu walikuwa wanahamia vijiji vipya. Kijiji cha Ilembezi kiliwekwa juu ya kitako cha mlima upande wa Itaka, mahali pazuri, pana ardhi ya mahindi na kahawa, lakini maji hakuna. Watu walitolewa kwenye makazi yao ya zamani, karibu na vijito walivyovizoea tangu mababu, wakaambiwa, nami nikiwa mmoja wa waliosema: nyinyi hamieni, maji yatawafuata. Wakahama. Wakachimba mtaro wa bomba kwa majembe yao wenyewe, kutoka kwenye chemchemi kule msituni mpaka kijijini. Wanaume walichimba, wanawake walichimba, watoto wa shule walichimba baada ya masomo. Mimi nilikuwa nakwenda kupima kina cha mtaro, na popote nilipopita walikuwa wananiuliza, "Ndugu fundi, mwezi gani?"

Hesabu za bomba lile zilifanywa na mhandisi wetu, Lameck, kijana hodari sana, wa kwanza pale ofisini kujua kompyuta. Sisi hatukuwa na kompyuta. Ilikuwa Dar es Salaam. Lameck aliandika programu kwa mkono kwenye zile karatasi za visanduku, herufi moja kila kisanduku, tukazifunga kwenye bahasha, zikaenda kwa treni. Kule kulikuwa na akina dada wanaotoboa kadi: mstari mmoja wa karatasi, kadi moja. Kadi zikiingizwa kwenye mashine, majibu yanachapwa, yanarudishwa kwetu kwa treni. Kama umekosea alama moja, unasubiri safari nyingine nzima. Ndivyo tulivyofanya kazi, na tulijiona tuko mbele kweli kweli.

Karatasi zikiwa zimekwisha kwenda, uamuzi ukabadilika. Shule na zahanati vitajengwa juu ya kilima kidogo katikati ya kijiji, kwa hiyo na tangi lipande huko. Lameck akachukua programu yake, akatafuta ule mstari unaokokotoa nguvu ya maji yakifika mwisho wa bomba, akaongeza mwishoni kabisa: toa TANGI. Yaani toa kimo cha kile kilima. Karatasi zikaenda tena Dar, majibu yakaja kwamba maji yatafika na nguvu itabaki. Tukaagiza mabomba. Muda si mrefu Lameck akahamishiwa mkoa mwingine, nami nikabaki na karatasi zake, majibu yake na mtaro.

Siku ya kufungulia maji kijiji kizima kilikuja. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na mbuzi. Nilikuwa chini kwenye maungio, nikafungua koki mwenyewe. Maji yakaja mpaka chini ya kilima, tukayasikia kwenye bomba, kisha yakasimama. Tulisubiri. Nikapanda mpaka kwenye tangi nikaweka sikio. Ndani mlikuwa na upepo tu. Nikashuka nikawaambia watu kuna hewa kwenye bomba, itatoka. Kesho yake nikatoa hewa. Nikakagua maungio yote. Nikafungua kichujio kwenye chemchemi. Bomba halikuwa na ugonjwa wowote, na maji hayakupanda.

Mwanangu, mambo yalikwenda vibaya haraka. Kijito cha karibu kilikuwa kile cha kunyweshea ng'ombe, na watoto wakaanza kuharisha. Watu wa kwanza wakaanza kurudi kwenye mahame yao, wanaondoka na vyungu na kuku kabla mwenyekiti hajaamka. Mwenyekiti wa kijiji alikuja ofisini Vwawa kwa miguu. Hakunifokea. Aliketi akaniuliza tu, "Wakiondoka wote, ndugu fundi, mimi nitakuwa mwenyekiti wa nani?"

Nikaketi nikapiga hesabu kwa mkono, kwa kalamu na jedwali, kipande kwa kipande cha bomba. Jibu langu likawa maji hayawezi kupanda kilima kile kwa bomba lile. La Lameck lilisema yanapanda. Nikatoa karatasi zake nikazisoma mstari kwa mstari. Ule mstari wa nguvu ya maji ulikuwa mrefu kama treni ya mizigo, umejaa mabano na herufi bila nafasi hata moja kati yake. Niliusoma mpaka macho yakauma. Kila nilipofika mwisho niliona: toa TANGI. Kilima kipo. Kimetolewa. Nikasema basi nimekosea mimi. Nikapiga tena kwa mkono, likaja jibu lile lile la kwanza.

Nikamwambia mama yako nakwenda Dar. Akaniuliza kwa siku ngapi. Nikasema sijui, ila sirudi bila kujua. Akanitazama, akaenda kunikaangia karanga za njiani. Nilijua amekasirika.

Kule Dar nilielekezwa kwa dada aliyekuwa akitoboa kadi zetu siku zote. Nilikuwa nalijua jina lake kwa sababu alikuwa akilipiga muhuri kwenye bahasha: Zaituni. Alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, buibui lake limetundikwa nyuma ya mlango, miwani imefungwa uzi. Niliingia pale na hasira niliyoibeba njia nzima, maana nilikuwa nimekwishaamua kosa ni la kadi. Sikusalimia vizuri.

"Wewe ndiye uliyetoboa programu ya maji ya Mbozi?"

"Na wewe kwanza hujambo?" akasema.

"Sijambo. Kuna kadi umeikosea. Watu hawana maji."

Akaacha mashine. "Kaka yangu, mie natoboa kilichoandikwa. Herufi kwa herufi. Kama hamkuandika vizuri, na mimi sikutoboa vizuri. Leta karatasi tutazame."

Tukalinganisha karatasi na kadi, yeye anasoma, mimi nafuatisha kwa kidole. Hapakuwa na kosa. Hata TANGI lilikuwapo, limetobolewa barabara. Ilinibidi niombe radhi. Niliomba kwa sauti ndogo sana, akasema hajasikia, nikaomba tena.

Halafu akasema maneno ambayo sikuyapenda. "Lakini hii programu yenu inanitia kichefuchefu. Tazama huu mstari. Mwanzo uko wapi? Mwisho uko wapi? Hili bano linafungwa na lipi? Mtu akiniambia soma, nitasoma, lakini siwezi kukuambia nimesoma nini. Nipe ruhusa niukate."

"Ukiukata utaharibu hesabu."

"Sigusi hesabu. Nakata mstari tu."

Nilimkubalia kwa uchovu. Alichukua karatasi mpya akaanza kuandika polepole. Sehemu ya kwanza ya mstari aliiacha mahali pake. Alipofika kwenye alama ya kutoa, kabla hajaiandika, akashuka chini. Akaweka ile alama ya kiungo kwenye kisanduku cha sita, kuijulisha mashine kwamba mstari huu ni mwendelezo wa ule wa juu. Lakini hakuendelea pale pale ukingoni. Akasogea ndani visanduku kadhaa, ndipo akaandika ile alama ya kutoa na kile kinachotolewa. Alama nyingine ya kutoa, mstari mwingine, nao umesogezwa ndani vilevile. Alipomaliza, ule mstari wa Lameck ulikuwa umekuwa mistari minne. Wa kwanza umetangulia, mitatu imeingia ndani chini yake, na kila mmoja unaanza na alama yake. Wa mwisho ulikuwa na kitu kimoja tu: toa TANGI.

Nilitazama nikaona kwa mara ya kwanza hesabu ile inasema nini. Maji yanaanza na nguvu hii. Toa kinacholiwa na msuguano wa bomba. Toa kinacholiwa na kona na maungio. Toa kilima. Nilikuwa nimeshinda na mstari ule wiki nzima na sikuwahi kuuona hivyo.

Zaituni akatoboa kadi mpya, akazipenyeza kwenye foleni ya kazi za siku ile kwa kumbembeleza yule kijana wa chumba cha mashine. Majibu yalipotoka nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikayasoma hapo hapo. Nguvu ya maji kwenye tangi: hasi. Maji hayafiki. Lilikuwa jibu langu la mkono.

"Umebadilisha kitu," nikamwambia.

"Wallahi sijabadilisha."

"Hesabu ni ile ile, majibu tofauti. Haiwezekani."

Akakasirika kweli sasa. Akatandaza orodha ya zamani iliyochapwa na orodha mpya mezani, moja juu ya nyingine. "Nionyeshe nilipobadilisha. Nionyeshe!"

Nilizitazama kwa muda mrefu. Kisha nikaanza kuhesabu visanduku kwenye ule mstari wa zamani, kwa ncha ya penseli, kutoka kushoto, na Zaituni akihesabu nami. Tulipofika sabini na mbili wote wawili tuliacha. Baada ya hapo ndipo lilipoanza toa TANGI.

Wewe unajua maana yake, nimekufundisha mwenyewe. Visanduku ni themanini, lakini mashine inasoma hesabu mpaka cha sabini na mbili tu. Vilivyobaki ni vya kuandikia namba za kadi, na mashine haivitazami. Lameck aliongeza neno lake mwisho wa mstari uliokwisha kujaa. Sisi wenye macho tulikuwa tunaliona kila siku, limechapwa wazi. Mashine haikuliona kabisa, na haikulalamika, maana bila neno lile hesabu ilikuwa bado kamili. Kilima kile kwake hakikuwapo.

Zaituni alikaa kitini. Akasema, "Subhana Allah. Na mimi nimelitoboa kwa mkono wangu." Wala hakuwa akijua kwamba amelitibu kosa. Aliukata mstari kwa sababu ulimkera.

Ndiyo sababu, Atupele, uliposema kompyuta haina macho nilishindwa kukujibu. Kweli haina. Watu ndio wenye macho, na macho ya mtu hayahesabu visanduku. Yanafuata umbo. Mstari unaoanza ukingoni yanaudhani ni jambo jipya. Uliosogezwa ndani yanajua ni mtoto wa ule wa juu. Ukikata baada ya alama, ile alama inabaki imening'inia mwisho wa mstari mahali ambapo hakuna anayetazama. Ukikata kabla yake, inasimama mbele na mtu anajua papo hapo: hapa tunaongeza, hapa tunatoa. Na usingoje kisanduku cha sabini na mbili ndipo ukate. Kata mapema, mahali ambapo maana yenyewe inapumua, uache nafasi kwa ajili ya mwenzako atakayekuja kuongeza kilima.

Nilirudi Ilembezi nikaomba mkutano. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno ya kitaalamu, nikaona nyuso zao nikayaacha. Nikawaambia: chemchemi iko juu kuliko kilima kwa kiasi kidogo tu, na bomba jembamba linakula nguvu yote njiani. Hesabu iliyochagua bomba lile haikukihesabu kilima. Kilikuwa kimeandikwa, lakini mahali ambapo mashine haisomi.

Kisha mama mmoja, Mama Nambeye, aliyekuwa kiongozi wa kina mama kwenye mtaro, akasimama na mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo maji yalijua kuna kilima, mashine ndiyo haikujua?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe sasa unajua?"

"Najua."

"Kipande kipi tukifukue?"

Nikawaonyesha: kutoka maungio ya bondeni mpaka juu. Ng'oa jembamba, weka pana. Kijana mmoja alitupa jembe chini akasema hachimbi mara ya pili shimo alilokwisha kulifukia. Nikaliokota lile jembe nikaenda nikaanza mimi. Sikuwa na njia nyingine ya kumjibu. Mabomba mapana yalikuwa hayapatikani, si Mbeya wala Dar. Ilibidi niandike maombi, nikasimame kwenye ofisi za watu, nikakusanye mabaki kwenye stoo za miradi iliyolala, kipande hapa, kipande pale, mengine yana kutu ya juu juu tunaipiga msasa. Kiangazi chote nilikuwa kule. Nililala kwenye darasa lisilo na mlango. Ilifika mahali ofisi ikaniambia niachane na Ilembezi, kuna vijiji vingine. Nikajibu kwamba vijiji vingine havijahamishwa kwa neno langu.

Mvua za kwanza zilitukuta tumebakiza kufunga maungio ya juu. Nilipofungua koki safari ile hapakuwa na ngoma. Tulikuwa watu wachache, tumelowa. Maji yakapita bondeni, yakaanza kupanda, tukawa tunatembea juu ya mtaro tukiyafuata kama watu wanaomsindikiza mgonjwa. Yakaingia kwenye tangi. Mama Nambeye alipiga kigelegele kimoja tu, kisha akakaa chini kwenye matope akalia.

Mwaka ule ndio ulipokea kipaimara, nami sikuwapo. Mama yako alikushonea gauni, ukaniwekea kiti kanisani, kikakaa kitupu. Sijawahi kuona aibu kwa kubaki Ilembezi, na nikirudishwa kule ningebaki tena. Lakini ningeweza kukutumia neno. Madereva wa ofisi walikuwa wanapita kila wiki. Sikutuma, nikidhani ukikua utaelewa mwenyewe. Mtoto wa miaka ile haelewi kiti kitupu, na sikupaswa kukuachia kazi hiyo. Huko uendako kazi itakushika hivyo hivyo, maana nakujua, u mbishi kama mimi. Ikikushika, tuma neno.

Kuna jingine ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi kulijua. Baada ya Ilembezi nilikuwa kama mtu aliyeokoka jana. Nilitaka kila programu ya ofisi iandikwe kwa mtindo nilioutoa kwa Zaituni. Yeye mwenyewe nilibishana naye kwa barua miaka miwili. Zaituni alikuwa amebadili mkono, akipenda mwendelezo wa mstari usimame sawasawa chini ya bano lililofunguliwa juu, na kweli ukitazama unapendeza, kama kitambaa kilichofumwa. Mimi nikasema hapana. Ukibadilisha jina moja mwanzoni likawa refu zaidi, bano linahama, na kadi zote za chini lazima zitobolewe upya ili zihame nalo. Afadhali kusogea ndani kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Ila kipimo hicho kizidi kile unachotumia kwa mistari iliyo ndani ya mzunguko wa kurudia, ule unaoiambia mashine ifanye hesabu tena na tena, vinginevyo msomaji hatajua kama anasoma mwendelezo au kazi mpya. Hatukukubaliana mpaka alipostaafu. Alinitumia halua.

Zaituni alikuwa mpinzani wa heshima. Niliyemkosea ni mhandisi mpya aliyekuja baada ya Lameck. Alikuwa na mtindo wake: anakata baada ya alama, anasogeza ndani kidogo sana. Karatasi zilikuwa haba miaka ile, akaniambia mtindo wangu unakula karatasi. Nami sikumsikiliza. Kila programu yake iliyopita mikononi mwangu niliirekebisha mistari niliyoigusa, ile nisiyoigusa nikaiacha kwake. Naye akipewa yangu alifanya vilevile. Tulikwenda hivyo mpaka ukawa huwezi kusoma ukurasa mmoja bila kujikwaa: hapa mwendelezo umeingia sana, pale kidogo, alama mara mbele mara nyuma. Siku moja tulishinda mchana kutwa tukitafuta kosa kwenye programu ya bwawa, kila mmoja akiusoma mkono wa mwenzake kwa chuki. Ndipo akaweka penseli chini, akaniambia, "Ndugu yangu, mtindo wako mzuri, na wangu unavumilika. Huu wa pamoja ndio hautufai."

Alikuwa na haki. Tulipiga kura ya watu wawili, nikashindwa, maana yeye ndiye mkubwa. Nikafuata mtindo wake kwenye kila kilichoanzishwa na yeye, na yeye akaacha programu ya Ilembezi kama ilivyo. Niliteseka mwezi mmoja. Baadaye macho yalizoea.

Kwa hiyo ukifika kwenye ofisi ile ya Dar iliyokuajiri kuandika programu, kabla hujaandika mstari hata mmoja, omba programu zao usome. Uone wao wanakata wapi, wanasogeza ndani kiasi gani. Uandike hivyo, hata kama unaona ni vibaya. Ila kama hawana mtindo wowote, kila mtu anajaza mpaka ukingoni, hapo usinyamaze. Wewe ni mgeni, ni msichana, umetoka mpakani, watakuambia unapoteza karatasi. Wasikutishe. Waombe mstari mmoja mrefu, uukate mbele yao, kisha uwaache wasome wenyewe. Nimesikia siku hizi kadi zinaondoka, kwamba mtu anaandika moja kwa moja kwenye mashine yenye kioo. Basi karatasi haitakuwa kisingizio tena. Macho ya watu hayatabadilika.

Nimalizie na hili, nasikia sauti za watu njiani, huenda ni nyinyi.

Mwezi uliopita nilikutana sokoni na mtu wa Ilembezi, amekuja kuuza maharage. Nikamuuliza habari za maji. Akasema yapo, na sasa yamepelekwa mpaka kijiji cha pili, ng'ambo ya bonde, tangu baada ya mavuno. Nikashangaa. Kijiji kile kiko juu ya mwinuko mkali kuliko wetu. Nikamuuliza nani aliyepiga hesabu. Akasema ni mhandisi dada, mgeni, amekuja Mbeya juzi juzi tu, hata jina lake halijui vizuri. Alikuja na karatasi, akapima, akaondoka, mabomba yakaja, maji yakapanda siku ya kwanza.

Nilikwenda Vwawa ofisini kwa kisingizio cha kutafuta washa ya koki. Nikaomba kuiona programu. Ilikuwa ile ile. Chini ya toa TANGI, umesogezwa ndani kwa kipimo kile kile, alama ikiwa mbele, palikuwa na mstari mmoja mpya kwa mwandiko nisioujua: toa TANGI2.

Hakunitafuta. Hakuniandikia kuniuliza hili lina maana gani au lile liliwekwa kwa nini. Alifungua, akasoma, akaona pa kuweka kilima chake. Nilirudisha karatasi kabatini nikakaa kwenye benchi la nje, na kwa muda nilisikia uchungu, kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefunguliwa na funguo za mwingine. Kisha uchungu ukaisha, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama nina homa.

Nenda, mama. Sitakuwapo kukusomea utakayoyakuta huko, na nimeridhika kwamba huhitaji.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda na ambaye kesho nitashindwa kulisema hili pale stesheni.